Mikono ya Mwende na Mkebe wa Chumvi

Kwa miezi mitatu nilimsugua mwanangu mikono kwa mchanga na ndimu, na kila nilipomaliza nilimwambia kwamba ni mvivu wa kunawa. Naanza na aibu hiyo kwa sababu wewe unayesoma labda una mtoto nyumbani ambaye humwelewi, na unajiona mama mbaya. Mimi nilikushinda kwa ubaya. Na bado mtoto wangu yuko hai, ana miaka kumi na miwili, na jana alinijibu kwa ufidhuli mpaka nikafurahi moyoni kabla ya kumkaripia.

Anaitwa Mwende. Baba yake, Mutiso, ni Mkamba wa Machakos, na mimi ni Mkikuyu wa Ruiru, kwa hiyo nyumbani kwetu tangu mwanzo tunasema Kiswahili, kila mmoja na makosa yake. Tulikuwa tunakaa Makongeni, chumba kimoja na jiko la nje. Mutiso alifanya kazi hapo Thika katika kiwanda cha magome ya miti ya miwati, yale yanayochemshwa kutoa dawa ya kutengenezea ngozi. Mvua ikinyesha gome la mwati hubanduka kirahisi. Basi miezi ya mvua malori yalikuja yamejaa, na sisi wanawake tukaitwa kufunga magome mafungu mafungu. Watoto wakitoka shule walikuja kutusaidia. Utomvu wa gome ukikauka mkononi huwa mweusi, na hautoki kwa sabuni tupu. Usipousugua siku ile ile kwa mchanga na ndimu utakaa nao wiki kadhaa. Miezi hiyo ungeweza kumjua mtu wa Makongeni popote kwa kutazama viganja vyake.

Ndiyo maana sikuona kitu.

Uchovu ulianza Julai, wakati wa baridi na manyunyu. Mwende alikuwa na miaka minane, mtoto wa kuruka kamba mpaka umwite mara tatu. Akaanza kurudi shuleni na kulala na viatu. Asubuhi alitapika kidogo, halafu akawa sawa saa nne, na mimi nikasema huyu ameshajua dawa ya kukwepa shule. Alipoinuka ghafla alishika ukuta. Gauni lake la kanisani, ambalo nililishona likimbana, likaanza kuning'inia mabegani. Nilimwongezea uji, akaacha. Nilimpikia nyama siku ya Jumapili, akala mchuzi na kuacha nyama.

Kisha ikaja habari ya chumvi. Nilikuwa na mkebe wa chumvi ya mawe nyuma ya sufuria, na kila nikiufungua naona imepungua. Nikamshuku jirani. Siku moja nikaingia ghafla nikamkuta Mwende amechuchumaa, shavu limevimba, anamumunya kijiwe cha chumvi kama peremende. Nilimchapa. Kesho yake nikamkuta tena. Nikachukua mkebe, nikautia ndani ya sanduku la bati la Mutiso, nikafunga, na ufunguo nikaufunga kwenye pindo la leso yangu. Nilijiona mama mwenye msimamo. Mutiso aliniuliza, "Sasa chumvi ndiyo imekuwa dhahabu?" Nikamwambia yeye ashughulike na magome yake, mimi nitalea mtoto.

Mvua za Oktoba zilipokuja, mikono yake ikawa myeusi kama ya watoto wengine. Nikaanza kusugua.

Zahanati tulikwenda mara tatu kabla ya Krismasi. Benchi lake nalijua mpaka leo: upande wa kushoto ubao umepinda, na ukikaa katikati unateleza mpaka kwa mgonjwa mwenzako. Ukifika saa moja asubuhi unaona mbele yako wanawake ishirini, kila mmoja na kikohozi chake mgongoni. Mwende alilala mapajani mwangu muda wote, na kila akija mwingine nilimsukuma miguu ili mtu apate kukaa. Dresa, yule msaidizi wa daktari aliyegawa dawa, alikuwa mtu mmoja, na sisi tulikuwa wengi. Mara ya kwanza alitoa dawa ya minyoo. Mara ya pili kwinini. Mara ya tatu chupa ya dawa nyekundu ya kuongeza damu, na alipomshika mkono akaugeuza akasema, "Na huyu mtoto aoshwe mikono, mama. Uchafu unaingia tumboni." Niliona haya mpaka masikio yakawaka. Siku hiyo nilimsugua mpaka ngozi ikachubuka, akalia bila sauti. Nilidhani ni ukaidi. Hakuwa na nguvu ya kulia.

Desemba shule zilipofungwa nikampeleka Ruiru kwa mama yangu, ambaye Mwende humwita cucu, yaani nyanya. Cucu alikuwa anachuma kahawa katika shamba moja huko, na amepewa ruhusa kufuga mbuzi watatu nyuma ya nyumba za vibarua. Huo ulikuwa wakati wa Hali ya Hatari, serikali ya Waingereza ikipigana na Mau Mau. Mkikuyu kutoka Thika kwenda Ruiru ilibidi awe na pasi, hata kama anakwenda kumwona mama yake mzazi. Nilipata pasi ya siku moja kumpeleka, na baada ya wiki tatu nikapata nyingine ya kumchukua.

Nilimkuta amebadilika. Alikuja mbio kunipokea. Alikuwa hajanenepa sana, lakini macho yalikuwa yamefunguka na alikuwa na kelele. Badala ya kushukuru, moyo ukaniuma kwa wivu. Mama yangu naye hakunisaidia.

"Huyu mtoto kwako alikuwa anakula nini?" akaniuliza.

"Anakula kile tunakula, maitũ," nikamjibu, yaani mama kwa Kikuyu.

"Haiya. Basi nyinyi mnakula hewa." Akamvuta Mwende karibu naye. "Ama ni kule kwa hao watu wa bwana yako. Mimi nilisema tangu zamani, Ukambani kuna mambo."

Tuligombana pale pale, mbele ya mtoto, kwa mambo ya tangu siku ya harusi yangu. Nikaondoka na Mwende bila kunywa chai. Nilikasirika sana hata sikuuliza swali moja tu ambalo lingeniokoa: wewe ulimpa nini?

Januari akarudi shule, na mkebe ukarudi ndani ya sanduku. Baada ya siku kumi na mbili alianguka kwenye mstari wa asubuhi, watoto wakiimba. Mwalimu mmoja alimbeba mgongoni mpaka Makongeni, akamlaza kitandani, akaniambia, "Mama Mwende, huyu mtoto si mvivu. Kuna kitu." Namkumbuka huyo mwalimu katika sala zangu. Maneno yake mawili ya mwisho yalinitoa kwenye usingizi.

Januari ni kiangazi. Malori yalikuwa yamepungua, na sisi wanawake tulikuwa hatuna kazi kiwandani. Alasiri moja nilikaa mlangoni kwenye jua nikiambua maharagwe, na Mwende ameegemea ubavu wangu, anajaribu kunisaidia. Ungo mmoja, mikono minne. Nikatazama yangu. Ilikuwa imetakata kabisa, na tangu mwezi wa kumi na mbili haikugusa gome. Nikatazama yake. Mtoto huyu alikuwa Ruiru wiki tatu na hakugusa gome tangu mvua zikatike, lakini kila mstari wa kiganja chake ulikuwa umechorwa kwa wino. Na si kiganja chote. Ni mistari tu, na vifundo vya vidole, na viwiko.

Nikamgeuza anitazame. Nikamwambia, "Fungua mdomo."

Fizi zilikuwa na mabaka ya bluu-nyeusi. Sasa sikiliza, kwa sababu hapa ndipo wengi hupita. Sisi watu weusi wengi wetu tuna fizi zenye weusi, na hakuna ajabu. Lakini mimi ndiye niliyemng'oa Mwende jino la mbele kwa uzi mwaka ule uliotangulia, na niliona fizi yake ikiwa nyekundu, haina doa. Hakuna mtu anayetafuna magome. Nikapandisha gauni nikatazama goti, mahali alipoungua na uji alipokuwa mdogo. Kovu lile lilikuwa jeupe miaka yote, watu wakimtania kwamba ana goti la Mzungu. Lilikuwa limekuwa jeusi kuliko ngozi inayolizunguka.

Niliacha maharagwe yakamwagika. Nilimkumbatia nikamwomba msamaha, na yeye akauliza, "Ya nini?"

Dresa aliponisikiliza alicheka, si kwa ubaya. "Mama, mtoto mweusi amekuwa mweusi. Sasa tutamshtaki nani?" Benchi zima likacheka. Mimi pia ningecheka siku nyingine. Nikamwambia, "Wewe umemwona mara tatu. Mimi namwosha kila siku. Andika jina lake kwa daktari wa Alhamisi, na usipoandika nitakaa hapa hapa mpaka benchi livunjike." Akaandika. Alikuwa mtu mzuri, amechoka tu.

Daktari wa Alhamisi alikuwa Mhindi mwembamba, mpole, aliyekuja mara moja kwa wiki. Kabla ya siku hiyo nilipata tena pasi, nikaenda Ruiru. Nilimeza kiburi changu chote njiani. Nilimkuta mama yangu anakamua mbuzi, nikamwuliza swali ambalo nilipaswa kuuliza Krismasi.

Aliendelea kukamua. Kisha akasema, "Utanigombesha?"

"Sikugombeshi, maitũ. Niambie tu."

"Alikuwa analamba ile jiwe ya chumvi ya mbuzi. Kila asubuhi. Na mimi nikamtilia mingi kwa supu, ile supu mtu mzima hawezi maliza. Alikuwa anamaliza." Akanitazama moja kwa moja. "Mbuzi yangu ikilamba chumvi mimi sisemi ni mwizi. Nasema inataka. Kwa nini nimchape mtoto?"

Nikakaa chini kando ya mbuzi nikalia, na mama yangu, ambaye si mtu wa kubembeleza, akaniwekea mkono kichwani mpaka nikamaliza.

Siku ya Alhamisi Mutiso aliomba ruhusa kazini tukaingia wote watatu. Daktari aliuliza tatizo ni nini. Sikumpa maneno. Niliweka mkono wangu juu ya meza, kiganja juu. Nikamwambia Mutiso aweke wake. Halafu nikauweka wa Mwende katikati.

"Huu wangu uliacha magome mwezi mmoja na nusu, umetakata," nikasema. "Huu wa baba yake yuko nayo kila siku, ona, mweusi wote mpaka kwenye kucha. Huu wa mtoto pia haujagusa gome tangu wakati huo, na weusi uko kwenye mistari peke yake. Na fizi. Na kovu. Na anaiba chumvi. Kwa mama yangu alikula chumvi akapona, kwangu nilimfungia akaanguka."

Daktari hakucheka. Aliinama juu ya kile kiganja kidogo kwa muda mrefu. Akatuma muuguzi alete chumvi kwenye kijiko, akampa Mwende, na Mwende akalamba kijiko mpaka kikang'aa. Akampima msukumo wa damu kwa ile mashine ya kubana mkono, Mwende akiwa amelala. Kisha akamwambia asimame ampime tena. Mwende alisimama, akasema "Mama," akaanguka mikononi mwa baba yake.

Mambo yakaenda haraka. Wakamlaza, wakatafuta mshipa, na mshipa haukupatikana, mpaka muuguzi mmoja mnene akaupata mguuni. Wakatundika chupa. Midomo ya Mwende ilikuwa imekauka na mwili umekuwa baridi. Mimi nilisimama ukutani nisijue pa kuweka mikono.

"Bwana daktari, ni nini hiyo mnamtia?"

"Maji, mama. Maji yenye chumvi na sukari. Na sindano moja ninayo, Mungu akipenda itamfikisha Nairobi."

Maji yenye chumvi. Nikafungua pindo la leso, nikatoa ule ufunguo, nikampa Mutiso. Nikamwambia, "Ukifika nyumbani fungua lile sanduku, na ufunguo uutupe chooni." Aliuchukua, hakunikumbusha ile habari ya dhahabu, na kwa hilo nilimpenda kuliko siku aliyonioa.

Daktari alinieleza kwa ufupi. Kuna tezi mbili ndogo juu ya figo, na za Mwende zilikuwa zimeacha kazi yake. Chumvi ilikuwa inamtoka mwilini, na mwili ulikuwa unaiomba. Ngozi nayo ilikuwa inaeleza kwa weusi ule. Kisha akaniuliza nani aliniambia niangalie kovu. Nikasema hakuna. Akasema, "Ningemwona peke yake bila wewe, ningemrudisha nyumbani." Maneno hayo nimeyahifadhi, na sioni haya kujisifu nayo.

Mutiso alikwenda naye Nairobi katika gari la hospitali. Mimi sikuruhusiwa, Mkikuyu kuingia Nairobi wakati ule ilikuwa shida kuliko kupanda mbinguni. Nilikaa siku tatu kwenye benchi la ofisi ya pasi, na barua ya daktari mkononi. Kati ya mabenchi yote niliyokalia, hilo ndilo baya zaidi. Kule zahanati angalau mtoto alikuwa mapajani. Sikujua kama ninangojea kumwona au kumzika. Bibi mmoja nisiyemjua, aliyekuja kuomba pasi ya kumwona mwanawe, alinigawia viazi vitamu siku zote tatu, na hakuniuliza lolote. Siku ya tatu karani aliisoma ile barua mara mbili, akaingia ndani, akatoka na karatasi yangu. Hakunitazama usoni, lakini aliniandikia siku nne badala ya mbili nilizoomba.

Nilipoingia wodini sikumwona. Nilikuwa namtafuta mtoto aliyelala. Mwende alikuwa ameketi, bakuli la mchuzi mapajani, kijiko mkononi, anamwambia mtoto wa kitanda cha pili namna ya kucheza kamba. Aliniona akatabasamu, mashavu yamejaa.

"Mama," akasema, "huku hawafungi chumvi."

Wodi nzima ilinigeukia. Nilicheka mpaka nikakaa sakafuni, na nikalia hapo hapo, na Mutiso akawa anawaeleza watu kwamba mimi ni mzima.

Vidonge vilikuwa vidogo na vyeupe, asubuhi na alasiri. Nilimwuliza daktari wa Nairobi mpaka lini, akasema siku zote. Neno hilo lilinilemea wiki nzima. Baadaye nikafikiri: uji pia anakunywa siku zote, na hakuna anayelia. Tulijifunza kwamba akipata homa anameza mara mbili, na akitapika vidonge hatungoji kesho, tunakimbilia sindano. Mutiso aliandika hayo kwa makaa nyuma ya mlango, na mwalimu yule akayaandika kwenye daftari lake. Kuna miezi uso wa Mwende ulivimba kwa dawa ukawa duara, majirani wakasema tumeanza kula vizuri. Daktari wa Alhamisi akapunguza vidonge, uso ukarudi.

Mama yangu hakujua kusoma, nami niliogopa kumwachia mtoto likizo. Alichukia hofu yangu. Alitafuta vikombe viwili vya bati, kimoja akakiweka dirishani jua linapoingia asubuhi, kingine karibu na mlango wa zizi. Kidonge cha kwanza jua likigusa kikombe. Cha pili mbuzi wakirudi. Hakukosea hata siku moja, wakati mimi mwenye kusoma nimesahau mara mbili. Agosti ya mwaka wa pili Mwende alipata homa huko Ruiru akaanza kutapika. Cucu, na umri wake, alimbeba mgongoni mpaka kliniki, akapita foleni yote, akaweka barua ya daktari juu ya meza na kusema, "Soma hii. Huyu anataka sindano na maji ya chumvi. Mambo ingine mtaniuliza baadaye." Nilipofika kwa pasi yangu siku ya pili, Mwende alikuwa anakula, na mama yangu anawasimulia wagonjwa wote. Nilimletea zawadi: jiwe jipya la chumvi la mbuzi. Alilipokea kwa mikono miwili, na tangu siku hiyo sijasikia neno juu ya Ukambani.

Sitakuambia kwamba kila mtoto mchovu ana ugonjwa huu. Nakuambia umtazame wako. Kama amekonda na anatapika, kama anaiba chumvi, kama kovu la zamani limebadilika rangi, usikubali kuchekwa ukarudi nyumbani. Nani atajua kwamba mtoto mweusi amekuwa mweusi zaidi, kama si yule anayemwosha?

Nimalizie na mvua za Oktoba za mwaka ule wa kwanza wa vidonge. Mvua kubwa za Aprili nilikuwa nimemkataza kiwanja cha magome, kwa hofu tu. Weusi ulikuwa unaondoka polepole, fizi kwanza, kisha viwiko, na mistari ya viganja mwisho wa yote. Oktoba aliniponyoka. Nilikuwa nafunga mafungu, nikasikia kelele za watoto kwenye lori, nikamwona yeye juu kabisa ya magome, anawatupia wenzake, na sauti yake ndiyo kubwa.

Jioni alikuja nyumbani na mikono myeusi mpaka kwenye kucha. Akanyoosha mwenyewe, akifunga macho, akijua kinachokuja. Nikaweka beseni, nikakata ndimu, nikachukua mchanga kidogo. Nilisugua polepole sana.

"Mama, huko ni kusugua ama ni kubembeleza?" akauliza.

Maji yakageuka meusi. Nikamwaga, nikatia mengine, yakawa ya kahawia, kisha yakawa maji tu. Nikamgeuza viganja kwenye mwanga wa mlango. Mistari yote ilikuwa safi. Mutiso alitoka ndani na taulo, akatazama beseni, akatazama mikono, akakaa kizingitini akajipangusa macho kwa taulo ya mtoto. Mwende alituangalia kama watu waliorukwa na akili, akaenda mezani, akafungua mkebe, akajitilia chumvi kwenye mchuzi wake kiasi alichotaka.